Kutoka Karakana hadi Kasri: Shajara ya Safari ya Vienna

Jumatatu

Baridi imekwisha kuingia Vienna, na katika miezi hii baadhi ya makumbusho makubwa ya sanaa hufungwa kila Jumatatu. Kwa hiyo leo nimetembea tu katika barabara ya Ringstrasse, na nimeridhika kwamba matembezi hayo yenyewe ni sehemu ya lazima ya somo lililonileta. Barabara hii inauzunguka mji mkongwe pale pale zilipokuwa kuta za ngome. Desemba 1857 Kaisari Franz Joseph aliamuru kuta hizo zibomolewe, na katika miongo iliyofuata ardhi iliyobaki wazi ikajengwa bunge, chuo kikuu, jumba la opera, akademia ya sanaa, makumbusho mawili makubwa yanayotazamana, na upande wa mashariki makumbusho mengine yaliyokusudiwa mafundi na wenye viwanda. Si miji mingi iliyoandika kwa mawe, waziwazi namna hii, mawazo yake juu ya ipi ni sanaa tukufu na ipi ni kazi ya mikono tu.

Hilo ndilo swali ninalolifuata. Nimefundisha uchoraji na uchongaji kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu nyumbani Tanzania, na kila mwaka napokea vijana wenye mikono mizuri wanaoamini kwamba mchoro wa kutundikwa ukutani una heshima kuliko mlango, kiti au chungu, hata pale ambapo aliyeuchonga mlango amefikiri zaidi kuliko aliyechora. Imani hiyo imejengwa kwa sehemu kubwa na akademia na makumbusho ya Ulaya. Vienna ni mahali ambapo mtu anaweza kuwaona, ndani ya matembezi mafupi, wale walioutenga ukumbi wa wachoraji na karakana ya mafundi, na pia wale waliokataa utengano huo.

Katika uwanja wa Maria-Theresien-Platz nimekaa muda mrefu. Upande mmoja ni Makumbusho ya Historia ya Viumbe, yaliyofunguliwa mwaka 1889. Upande wa pili ni Makumbusho ya Historia ya Sanaa, Kunsthistorisches Museum, yaliyofunguliwa 1891. Majengo hayo mawili yamesanifiwa na Gottfried Semper na Karl von Hasenauer, na kwa nje yanafanana kama mapacha: hapa maumbile, pale kazi za binadamu, na katikati ameketi Malkia Maria Theresia wa shaba, aliyezinduliwa mwaka 1888. Mpangilio huo ni mzuri kwa macho. Hata hivyo, mtu aliyetoka Afrika hawezi kusimama pale bila kumkumbuka Angelo Soliman, Mwafrika aliyeletwa Ulaya utotoni akiwa mtumwa, akakulia katika nyumba za makabaila, akawa mtu msomi na mwenye kuheshimiwa mjini hapa, mwanachama wa udugu wa Wamasoni pamoja na wanasayansi na wanamuziki wa zama zake. Alipofariki mwaka 1796, mwili wake haukuzikwa mzima. Ngozi yake ilichunwa, na mchongaji Franz Thaller akaitandika juu ya umbo la mbao. Kisha akawekwa katika hazina ya viumbe ya kaisari, amevikwa manyoya na shanga za makombe, kati ya wanyama waliokaushwa. Binti yake aliomba mabaki ya baba yake azike, akanyimwa. Mabaki hayo yaliteketea kwa moto katika mapinduzi ya 1848, miaka mingi kabla ya majengo haya kusimama. Mikono iliyofanya kazi ile ilikuwa mikono ya msanii, na walioiagiza walikuwa watunzaji wa makusanyo. Nimeona ni wajibu kulitaja jambo hili mwanzoni kabisa, kabla sijaanza kusifu chochote.

Jumanne

Siku nzima, mpaka usiku, nimekuwa katika MAK, Makumbusho ya Sanaa Tumizi, jengo la matofali mekundu pale Stubenring. Nimepokewa mlangoni na kijana wa Mombasa anayesomea uhifadhi wa vifaa vya mbao katika chuo kikuu kilicho jirani, ambaye jamaa zangu walituunganisha kabla sijaondoka Dar es Salaam. Aliniamkia "Shikamoo, mwalimu" kwa sauti iliyowageuza watu wote foleni, nikamwitikia marahaba, na tukaingia.

Kisa cha mahali hapa nilikuwa nimekisoma kwa muda mrefu, lakini nimekielewa vizuri zaidi baada ya kuona jinsi majengo yanavyopakana. Rudolf von Eitelberger, profesa wa historia ya sanaa, alikwenda London mwaka 1862 kuyatazama maonyesho ya dunia. Huko aliyaona makumbusho ya South Kensington, ambayo leo yanaitwa Victoria and Albert na ambayo yalizaliwa 1852 kutokana na Maonyesho Makuu ya mwaka uliotangulia. Waingereza walikuwa wametambua kwamba bidhaa zao zilikuwa na mashine nzuri na maumbo mabaya, wakaanzisha makusanyo ya vitu bora ili mfumaji, mfinyanzi na seremala waje kujifunza. Eitelberger alirudi nyumbani na hofu hiyo hiyo kuhusu bidhaa za Austria. Mwaka 1863 kaisari aliridhia kuanzishwa kwa makumbusho ya sanaa na viwanda, mwaka uliofuata yakafunguliwa katika ukumbi wa muda karibu na kasri, na mwaka 1871 yakahamia katika jengo hili lililosanifiwa na Heinrich von Ferstel. Shule ya sanaa tumizi, Kunstgewerbeschule, ilianzishwa 1867, na baada ya miaka kumi ikapata jengo lake pembeni ya makumbusho, hivi kwamba mwanafunzi alitoka darasani, akapita ua, akawa mbele ya bilauri ya Venice au kitambaa cha Uajemi alichoagizwa kukichora. Shule hiyo ndiyo chuo kikuu anachosoma kijana wangu leo. Na jambo moja lisisahaulike: ilipokea wanawake tangu miaka yake ya mwanzo, wakati akademia ya sanaa iliwafungia mlango hadi 1920.

Nimemsimulia kijana huyo habari ambayo hakuwa anaijua, kwamba Afrika Mashariki nayo iliwahi kuwa na ndoa ya namna hiyo kati ya makumbusho na shule. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, na mwaka 1942 Makumbusho ya Uganda yalihamishiwa kwake pale chuoni, yakakaa mpaka yalipojengewa mahali pake katika kilima cha Kitante mwaka 1954. Kwa miaka hiyo vikapu, ngoma, vyungu na mbugu, yaani vitambaa vya magome ya mti, vilikaa karibu na wanafunzi waliokuwa wakijifunza rangi na brashi. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alitoka katika shule hiyo akaenda kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, na michoro yake ya mashamba na watu wakifanya kazi kwa pamoja haina dalili ya kuionea haya jembe wala kikapu. Mara nyingi nimejiuliza tungekuwa wapi leo kama jirani hao wawili wasingetenganishwa.

Ndani ya MAK, vyumba vya kudumu viliwahi kukabidhiwa kwa wasanii wa zama zetu wavipange kwa namna wanayoitaka. Barbara Bloom aliviweka viti vya Thonet na wenzake katika safu mbili nyuma ya pazia jeupe lenye mwanga, ili mpitaji aone vivuli vyake kwanza, yaani mistari mitupu, kabla ya kuzunguka nyuma na kukiona kiti chenyewe. Nimesimama kwenye kivuli cha kiti namba 14 cha mwaka 1859. Michael Thonet aligundua jinsi ya kupinda fimbo za mbao ngumu kwa mvuke ndani ya kalibu za chuma, na kiti hiki kinaundwa kwa vipande sita vya mbao, skurubu kumi na nati mbili. Viti 36 vikifunguliwa vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa kwa meli hadi mabara mengine na kuunganishwa vilikofika. Kivulini hakuna anayeweza kusema kama mchoro ule ni wa seremala au wa bingwa wa akademia. Huu ndio upangaji wa makumbusho ninaouthamini kuliko mwingine wowote niliouona, kwa sababu unafundisha bila kumwekea mtu maandishi marefu.

Katika chumba cha mazulia kuna zulia la hariri la Kairo, la mwanzoni mwa karne ya 16, kutoka katika karakana za zama za Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati huo. Ndilo zulia pekee la Kimamluki la hariri linalojulikana kuwa limesalia duniani. Rangi zake ni chache, na nyota yake ya katikati inajigawa na kujigawa tena hadi jicho linashindwa kufuata. Kijana wangu, ambaye amekulia kati ya milango ya nakshi ya Mji wa Kale, alilitazama kwa muda kisha akasema, "Mwalimu, huyu aliyefuma alikuwa na hesabu kichwani." Ndivyo ilivyo.

Kauri nimeipitia kwa haraka zaidi, ingawa chumba kizima kilichotolewa katika kasri la ukoo wa Dubsky huko Brno, kuta zake zikiwa zimepambwa kwa kauri ya Vienna, kinastahili nusu siku. Kiwanda kilichotengeneza kauri hiyo kilianzishwa na Claudius Innocentius du Paquier mwaka 1718, cha pili Ulaya baada ya Meissen, kikaja kufungwa 1864, mwaka ule ule makumbusho haya yalipofungua milango.

Nimehitimisha siku mbele ya michoro tisa ya kazi ambayo Gustav Klimt aliitengeneza kati ya 1910 na 1911 kwa ajili ya kuta za chumba cha kulia cha tajiri Adolphe Stoclet, Brussels. Ni michoro ya ukubwa kamili, yenye mti wa matawi yaliyojikunja kama moshi, na pembeni mchoraji amewaandikia mafundi maelekezo kuhusu vifaa vya kutumia: wapi marumaru, wapi dhahabu, wapi enameli, yaani rangi ya kioo iliyoyeyushwa. Kazi yenyewe ilitekelezwa na Wiener Werkstätte, karakana iliyoanzishwa 1903 na Josef Hoffmann na Koloman Moser kwa fedha za mfanyabiashara Fritz Waerndorfer, pamoja na mafundi wa vigae wa Leopold Forstner. Mtu aliyezoea kumwona Klimt katika mabango ya maduka anapaswa kuyasoma maandishi yale ya pembeni. Ni sauti ya fundi anayezungumza na fundi mwenzake.

Jumatano

Akademia ya Sanaa iko Schillerplatz, katika jengo la Theophil Hansen lililokamilika mwaka 1877. Ina umri mkubwa kuliko jengo: mchoraji wa kasri Peter Strudel aliianzisha nyumbani kwake mwaka 1692, ikafa naye mwaka 1714, kisha ikafufuliwa mwaka 1725 chini ya Jacob van Schuppen, aliyefuata mfano wa akademia ya Paris. Ngazi zilikuwa zimejaa wanafunzi wenye mafaili makubwa ya michoro na suruali zenye madoa ya rangi. Nimefurahi kwamba bado ni shule, wala halijageuka kuwa jengo la kumbukumbu tu.

Njia ya mafunzo katika akademia za Ulaya ilikuwa na madaraja matatu yasiyorukwa. Mwanafunzi alianza kwa kunakili michoro ya wengine. Akipevuka alichora sanamu za plasta zilizotolewa kwa kalibu kutoka sanamu za Wagiriki na Warumi. Akipevuka zaidi ndipo aliruhusiwa kumchora mtu hai aliyesimama mbele yake. Sanamu hizo za plasta za akademia hii bado zipo, zimehifadhiwa katika ghala la zamani la pazia za michezo ya kuigiza ambalo Semper na Hasenauer walilijenga mtaa wa Lehár. Naithamini sana nidhamu ile. Hata hivyo madaraja hayo yalimfundisha kijana kwamba uzuri umekwisha kupatikana, mahali fulani, kwa watu fulani, na kazi yake ni kuusogelea. Chungu hakikuwamo katika ngazi hizo. Kiti hakikuwamo.

Ghorofani kuna jumba la picha ambalo watalii wengi hawalijui, na limetokana na wasia. Kabaila Anton Lamberg-Sprinzenstein aliiachia akademia mwaka 1822 makusanyo yake yote ya picha ili wanafunzi wajifunzie kwa kuzitazama. Humo mna picha ya Hieronymus Bosch ya Hukumu ya Mwisho, mbao tatu zenye bawaba, kazi ya miaka ya mwisho ya karne ya 15 au miaka michache baada ya hapo. Bawa la kushoto lina Bustani ya Edeni, la kulia lina Jehanamu, na katikati, chini ya Hakimu aliyekaa angani, dunia yote imekuwa uwanja wa mateso. Jambo lililonishika ni kwamba mateso hayo yanatekelezwa kwa vifaa vya jikoni na karakana: watu wanakaangwa kwenye vikaango, wanachomwa mishikaki, wanagongwa juu ya fuawe kama vyuma. Bosch alivijua vifaa hivyo mpaka kwenye mpini. Nimehesabu vyombo vingi zaidi kuliko watakatifu.

Lakini kama ningeambiwa nichague picha chache za kuwaonyesha wanafunzi wangu, ningechagua rasimu ndogo za rangi ya mafuta za Peter Paul Rubens. Mwaka 1620 aliingia mkataba wa kuchora picha 39 za dari kwa ajili ya kanisa jipya la Wajesuiti huko Antwerp, na rasimu alizichora kwa mkono wake mwenyewe ili wanafunzi wa karakana yake wazitumie kama mwongozo. Mwaka 1718 radi ililipiga kanisa, na dari yote ikateketea. Rasimu kadhaa zimebaki hapa. Brashi inapita haraka juu ya rangi ya kahawia ya msingi, mguu wa malaika umewekwa kwa mapigo matatu au manne, vazi halikumaliziwa, na vyote vimepindishwa kwa sababu vilikusudiwa kutazamwa kutoka chini, shingo ikiwa imeinuliwa. Hapa mwanafunzi anaona uamuzi unavyofanyika. Picha iliyokamilika humficha fundi. Rasimu humtoa nje.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi jengo la Secession, kundi la wasanii waliojitenga, lililosanifiwa na Joseph Maria Olbrich na kumalizika 1898, lenye kuba la majani ya dhahabu na maneno mlangoni yanayotaka kila zama zipewe sanaa yake na sanaa ipewe uhuru wake. Klimt alikuwa rais wa kwanza wa kundi lililolijenga. Chini kuna mchoro wake wa ukutani wa mwaka 1902 wenye urefu wa mita 34, uliotengenezwa kumtukuza Beethoven. Ndani ya plasta amepachika dhahabu, vipande vya kioo na magamba ya chaza yang'aayo. Ulikuwa wa maonyesho ya muda tu, ulipaswa kubomolewa yakiisha. Siku imekwisha nikiwa nimekaa kwenye benchi lililo katikati ya chumba kile.

Alhamisi

Leo makumbusho ya Kunsthistorisches yamefunguliwa hadi usiku, nami nimeingia mlango ulipofunguliwa na kutoka walipozima taa.

Ngazi kuu peke yake ni kitabu. Mbele yako, unapopanda, yuko Theseus wa Antonio Canova, shujaa wa hadithi za Kigiriki, mtu wa marumaru nyeupe akimwinamia nusu-farasi na rungu mkononi. Juu kabisa ni dari ya Mihály Munkácsy, inayoutukuza Mwamko wa Italia na mabingwa wake. Chini ya dari kuna picha za nusu duara za Hans Makart, aliyekuwa kipenzi cha jiji zima na aliyefariki 1884 kabla kazi haijaisha. Na kati ya nguzo na matao, katika nafasi zenye umbo la ajabu zisizomfaa mchoraji yeyote, kuna michoro ya 1890 na 1891 ya vijana watatu waliokuwa na karakana yao ya pamoja: Gustav Klimt, ndugu yake Ernst, na Franz Matsch. Kila mchoro unasimamia zama au nchi ya sanaa, Misri ya kale, Ugiriki, miji ya Italia.

Vijana hao watatu hawakusoma Schillerplatz. Wote walisoma Kunstgewerbeschule, shule ya jirani ya MAK niliyoitaja juzi, shule ya kuwaandaa watu kwa kazi za kupamba. Walipewa nafasi hizo za pembeni kwa sababu walionekana mafundi mapambo wa kuaminika, na leo watu hupanda ngazi hizi wamebeba darubini ndogo, wakimpita Munkácsy bila kumtazama, wakitafuta msichana wa Misri ya Klimt katika kona yake ya juu. Nimesimama katika ubaraza wa ghorofa ya kwanza hadi shingo ikauma. Ameichora dhahabu ya mapambo ya Misri ikiwa bapa kabisa, na uso wa msichana ukiwa na nyama na pumzi, katika mchoro mmoja. Huo mgongano alijifunza darasani mwa mapambo.

Ukumbi wa Pieter Bruegel una picha 12 za mkono wake, na hakuna makumbusho mengine duniani yenye nyingi kiasi hicho. Nimewakuta watoto wa shule wamekaa sakafuni mbele ya Michezo ya Watoto ya mwaka 1560, kila mmoja akitafuta mchezo anaoujua. Nimewaacha nikaenda kwenye Mnara wa Babeli. Umeandikwa mwaka 1563. Mtu anayeutazama kwa mbali huona kiburi cha wanadamu. Anayeusogelea huona namna ya kujenga: winchi kubwa zinazoendeshwa na watu wanaotembea ndani ya magurudumu, mashua zinazoshusha matofali bandarini, tanuri za chokaa, vibanda vya vibarua vilivyobandikwa ubavuni mwa mnara, na mbele kabisa wachonga mawe waliopiga magoti kwa mfalme huku mwenzao mmoja akiendelea kugonga patasi. Bruegel alikuwa mwanachama wa chama cha mafundi cha Mtakatifu Luka huko Antwerp, ambacho kiliwaunganisha wachoraji na wafanyakazi wa ufundi mwingine. Na mwaka huo huo wa 1563, Florence, Giorgio Vasari na wenzake chini ya ulinzi wa Cosimo wa Medici walianzisha akademia ya kwanza ya aina yake, iliyowaondoa wachoraji na wachongaji mashuhuri katika utawala wa vyama vya mafundi na kuwapa cheo cha watu wa fikra. Nimeusoma mwaka ule mara mbili kwenye kona ya picha. Huku mtu wa chama anachora kila chombo cha kazi kwa heshima, kule wasomi wanajitenga na chama.

Katika Arusi ya Wakulima, iliyochorwa miaka michache baadaye, wanaume wawili wanabeba bakuli za chakula juu ya mlango ulioondolewa kwenye bawaba zake. Sina haja ya kueleza kwa nini mtu wa pwani atacheka kwa furaha akiliona hilo. Mwenye kuwahi kuandaa karamu ya watu wengi kuliko sinia anajua.

Jioni nimeshuka Kunstkammer, hazina ya vitu adimu, iliyofungwa mwaka 2002 ikafunguliwa tena 2013 ikiwa na vitu zaidi ya 2,100 katika vyumba 20. Makaisari wa ukoo wa Habsburg walikusanya hapa kila kilichoshangaza: mayai ya mbuni yaliyotiwa vikalio vya fedha, makombe ya baharini yaliyogeuzwa vikombe, vikombe vya pembe ya kifaru, sanamu za pembe za ndovu zilizochongwa hadi nywele za farasi zikawa nyembamba kuliko uzi. Matthias Steinl alimchonga Kaisari Leopold wa Kwanza juu ya farasi wa pembe ya ndovu mwaka 1693. Vibandiko nilivyovisoma vinamtaja mchongaji, mwaka na kaisari. Havisemi pembe ilitoka msitu gani, ilibebwa na mabega ya nani, iliuzwa bandari ipi. Pwani yetu iliuza pembe kwa karne nyingi, na katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe zilizobebwa kutoka bara na wapagazi. Nisingependa kudai kwamba farasi huyu ni wetu, lakini nataka kibandiko kiseme kwamba ndovu aliishi mahali fulani. Makumbusho yanayojali ufundi hayana budi kuijali mali ghafi.

Nimekiacha cha mwisho kile ambacho kila mtu hukiendea kwanza: chombo cha chumvi cha Benvenuto Cellini, kilichotengenezwa kati ya 1540 na 1543 kwa ajili ya Francis wa Kwanza wa Ufaransa. Urefu wake ni sentimita 26 hivi. Bahari, mwanamume mwenye mkuki wa ncha tatu, amekaa akitazamana na Ardhi, mwanamke, na miguu yao imepishana. Pembeni mwa Bahari kuna jahazi dogo la kuwekea chumvi, pembeni mwa Ardhi kuna kijumba cha kuwekea pilipili manga. Vyote ni dhahabu iliyofuliwa kwa nyundo na kupakwa enameli, juu ya kitako cha abunusi, na chini ya kitako kumefichwa vidude vya mviringo vya pembe ya ndovu ili chombo kisukumwe mezani kutoka kwa mlaji mmoja hadi mwingine. Usiku wa 11 Mei 2003 mwizi alipanda jukwaa la mafundi waliokuwa wakikarabati ukuta wa nje, akakichukua. Kilipatikana Januari 2006, kimezikwa ndani ya sanduku katika msitu karibu na Zwettl.

Cellini alikuwa sonara. Alipotaka kuonyesha kwamba sonara anaweza kufikiri kama mchongaji yeyote, aliunda kifaa cha mezani, na miaka 20 baadaye alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa akademia ile ya Florence. Mlinzi ameniambia kwa upole mara mbili kwamba wanafunga.

Ijumaa

Belvedere ni kasri la Mwanamfalme Eugene wa Savoy, la juu likiwa limekamilika 1723 kwa usanifu wa Johann Lukas von Hildebrandt. Kwa mtu wa makumbusho jengo hili lina umuhimu mwingine: picha za kaisari zilihamishiwa hapa katika miaka ya 1770, na Christian von Mechel akazipanga upya, akamaliza mwaka 1781, kwa kufuata nchi na mfuatano wa wakati, badala ya kuzipanga kwa ukubwa wa fremu kama makabaila walivyozoea. Wananchi wakaruhusiwa kuingia. Mpangilio ambao leo tunauona kuwa wa kawaida katika kila makumbusho ulikuwa jambo jipya mno siku hizo, na ulilalamikiwa.

Mbele ya Busu la Klimt la 1908 na 1909 kulikuwa na umati, nikasubiri. Picha ni mraba wa sentimita 180. Baba yake Klimt alikuwa mchonga dhahabu, na hapa mwana ametumia dhahabu halisi ya karatasi, pamoja na fedha na platini, akiipa vazi la mwanamume pembe nne nyeusi na la mwanamke duara za maua. Serikali iliinunua kwenye maonyesho ikiwa haijamalizika. Akademia haikumpa kamwe kiti cha uprofesa. Ilimfanya mwanachama wa heshima mwaka 1917, miezi michache kabla ya kifo chake.

Wengi hawafiki kwenye vichwa vya Franz Xaver Messerschmidt, navyo ndivyo vilivyonikalisha. Alisoma akademia ya hapa, akafundisha humo, na mwaka 1774 uprofesa alioutarajia ukampita kwa madai kwamba akili yake imevurugika. Alihamia Pressburg, mji unaoitwa Bratislava leo, akaendelea kuchonga vichwa vya madini ya risasi, bati na alabasta vinavyokunja uso, vinavyopiga miayo, vinavyobana midomo. Alipofariki 1783 vilikutwa 69 katika karakana yake. Chuma kimefuata kila mkunjo wa ngozi kwa utiifu wa kutisha, na hakuna hata kimoja kinachomwomba mtazamaji ampende.

Jumamosi

Asubuhi kijana wangu wa Mombasa amenipeleka katika jengo la zamani la benki ya akiba ya posta, mbele ya MAK, ambalo chuo chake sasa kinatumia sehemu yake. Otto Wagner alilijenga kwa awamu mbili, 1904 hadi 1906, kisha 1910 hadi 1912, akiwa profesa wa usanifu wa majengo katika Akademia ya Schillerplatz tangu 1894. Josef Hoffmann alikuwa mwanafunzi wake. Vibamba vya marumaru vya ukuta wa nje vimeshikwa kwa misumari ambayo vichwa vyake vya alumini havikufichwa, vimeachwa viwe ndiyo nakshi yenyewe. Ndani kuna ukumbi wa paa la kioo na sakafu ya vigae vya kioo vinavyopeleka mwanga ghorofa ya chini, na mabomba ya kupulizia hewa ya moto yamesimama kando ya kuta kama nguzo za hekalu. Profesa wa akademia alisanifu pia meza za wateja na viti vifupi vya mbao zilizopindwa, miguu yake ikiwa imevishwa alumini ili isichakazwe na viatu na mifagio.

Kijana amekigeuza kimoja kwa idhini ya msimamizi, akanionyesha jinsi kipande cha kukalia kilivyotobolewa katikati kwa ajili ya mkono wa kukibebea. Nimekichora kwa vipimo, kwa pande tatu, pamoja na maungio ya miguu, kwa sababu ndicho nitakachoanza nacho muhula ujao kwa vijana wa mwaka wa kwanza, kabla ya kuwaonyesha picha yoyote ya Klimt.